Sifa ya Mkono wa Conjestina

Bondia akiugua, jambo la kwanza kusahauliwa ni ufundi wake. Jina linabaki, maana jina ndilo linalouza gazeti, lakini kazi aliyoifanya kwa mikono na miguu yake inafichwa na habari za kitanda na dawa. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, Conjestina Achieng akitajwa nchini Kenya, hutajwa pamoja na maradhi. Watu huuliza anaendeleaje, nani anamtunza, serikali iko wapi. Ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Ila ni nadra kumsikia mtu akiuliza: alikuwa akipigana vipi? Miguu yake aliiweka wapi? Mbona mpinzani aliyeingia ulingoni kwa majigambo alianza kurudi nyuma kabla ya kengele ya raundi ya pili?

Mimi ni shabiki wake, na naandika nikiwa Gilgil, mji ambao wengi wanaujua kupitia dirisha la matatu: steji, soko, malori yakitoka Naivasha kuelekea Nakuru, wanajeshi wa kambini, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na magwanda yao. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi zina baridi ya kuuma masikio, na hewa nyepesi humlazimisha anayekimbia kupumua kwa mpango. Siku ambazo Conjestina alikuwa akipigana tulijazana kwenye hoteli yenye runinga, chai mbele yetu, na wanaume walioshinda mchana kutwa wakiapa kwamba ndondi si kazi ya mwanamke walinyamaza kengele ilipolia. Niliupenda ukimya ule. Ulikuwa ukimya wa watu waliotambua kwamba wanamtazama mtu anayejua kazi yake.

Alizaliwa mwaka 1977, kwao ni Siaya, na aliingia katika ndondi wakati ambapo mwanamke bondia nchini alionekana kioja. Mvulana wa rika lake aliyependa masumbwi alikuta njia imeshafyekwa: klabu ya mtaa, kisha klabu ya polisi, ya magereza au ya jeshi, kisha timu ya taifa, kisha Michezo ya Olimpiki. Msichana hakuwa na njia hiyo. Olimpiki haikuwafungulia wanawake ulingo hadi London 2012, na kufikia wakati huo maradhi yalikuwa yameshaanza kumwandama Conjestina. Yeye alipitia mlango wa ndondi za kulipwa, mlango mgumu, ambapo huvai rangi za nchi wala hulipiwi nauli na wizara, na kila pambano ni mkataba wa kujitafutia. Mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda na kutwaa taji la kimataifa la uzani wa kati. Nchi ikamwita Mikono ya Mawe, jina ambalo dunia ya ndondi ilikuwa imeshampa Roberto Durán wa Panama, mmoja wa mabondia wakali kuliko wote waliowahi kuvaa glavu.

Asiyejua ndondi akilisikia jina hilo atadhani kwamba sifa ya Conjestina ilikuwa nguvu. Nguvu alikuwa nazo. Lakini nguvu wanazo watu wengi. Nenda sokoni asubuhi utazame wanaoshusha magunia ya viazi. Ukimpa mmoja wao glavu na kumsimamisha mbele ya bondia aliyefunzwa, baada ya dakika moja atakuwa anahema na kupiga hewa. Kuna elimu nzima kati ya mtu mwenye nguvu na mtu mwenye konde, na elimu hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Konde linaanza chini. Bondia anayetumia mkono wa kulia husimama mguu wa kushoto ukiwa mbele, kisigino cha mguu wa nyuma kimeinuka kidogo, magoti yamelegea. Nguvu hutoka pale mguu wa nyuma unapoisukuma sakafu, hupanda gotini, huzungushwa na nyonga, hupitia begani, na mkono huwa kituo cha mwisho tu. Ngumi hukazwa pale inapokaribia kutua. Ikikazwa mapema, mkono wote unakuwa mgumu na konde linachelewa njiani. Likishafika, linatakiwa kurudi kwa njia liliyoendea, maana mkono uliosahaulika mbele umekiacha kidevu bila mlinzi. Na kila konde linatoka na pumzi yake, fupi na kali, kupitia puani. Ukisimama karibu na mabondia wanaofanya mazoezi, utaisikia pumzi hiyo kabla hujalisikia gunia likilia.

Jicho nalo lina shule yake. Anayeanza huzitazama glavu za mpinzani, na kwa kuzitazama huchelewa, kwa kuwa glavu ikishaondoka hakuna jicho la kuiwahi. Fundi hutazama kifua na mabega. Bega husogea kabla ya mkono, nyonga husogea kabla ya bega, na mtu aliyejifunza kusoma hayo huanza kukwepa wakati konde bado ni wazo la mwenzake. Kukwepa kwenyewe ni kusogea kidogo sana: kichwa kinatoka kwenye mstari, glavu inapita jirani na sikio, na miguu inabaki pale pale. Anayeruka nyuma hatua mbili amejiokoa, lakini amejiweka mbali na nafasi ya kujibu. Anayebaki karibu bila kuguswa ndiye bwana wa ulingo.

Halafu kuna konde jepesi la mkono wa mbele, lile la kunyoosha, ambalo mtazamaji mgeni hulidharau kwa kuwa halimwangushi mtu. Hilo ndilo rula ya bondia. Hulitumia kupima umbali, kumvuruga mwenzake macho, kumfanya anyanyue mikono ili mbavu zibaki wazi. Na mbavu zikibaki wazi, upande wa kulia kuna ini. Konde la ini halina kelele. Aliyepigwa husimama kama sekunde moja hivi, uso umebadilika, kisha miguu inamkataa, na hakuna ujasiri unaoweza kuibembeleza. Kocha anayefundisha konde hilo hatumii maneno mengi. Husogeza kiwiko cha kijana kidogo, humgeuza nyonga, humwambia arudie, na kurudia huko huendelea kwa miezi.

Wanawake wa ndondi za kulipwa kwa kawaida hupigana raundi za dakika mbili badala ya tatu. Dakika moja pungufu hubadilisha hesabu yote. Hakuna muda wa kupeleleza kwa raha. Atakayesita atakuta raundi imeisha na majaji wameshaandika. Conjestina alielewa jambo hilo kwa mwili wake. Alikuwa bondia wa kwenda mbele, wa kuufanya ulingo uwe mdogo kwa mwenzake, na mikono yake yote miwili ilifanya kazi. Kilichonishika zaidi ni utulivu wa uso wake wakati wa kufanya hivyo. Kwenda mbele ukiwa na hasira ni jambo rahisi, na mabondia wenye hasira huliwa na wenye subira. Yeye alikwenda mbele kama mtu mwenye shughuli, hatua baada ya hatua, akiwa amekifunga kidevu chake vizuri kifuani.

Kilomita chache kutoka mjini kwetu, pembeni mwa barabara ya kwenda Nakuru, kuna mahali panaitwa Kariandusi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Louis Leakey na wenzake walikuta hapo mashoka ya mkono, mengi yakiwa ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, yaliyochongwa na watu wa kale, mamia ya maelfu ya miaka kabla yetu. Ukiliangalia shoka moja kwa makini unaweza kulisoma pigo kwa pigo: hapa fundi aligonga kwa nguvu, hapa alipunguza, hapa aligeuza jiwe na kuanza upande wa pili. Fundi huyo hana jina, hana ukoo, hana kaburi. Kazi yake ipo yote.

Kwa bondia mambo yamegeuka. Jina lake tunalo, mwaka wa kuzaliwa tunao, mkanda upo, picha za kupimwa uzito zipo. Kazi yenyewe haipo popote. Konde lililotua limekwisha papo hapo, na hatua nzuri ya pembeni haiachi alama kwenye turubai. Picha za video husaidia pale zilipo, lakini hata hizo zinamhitaji mtu anayejua kuzitazama. Bila yeye ni watu wawili wanaopigana tu. Kwa hiyo ufundi wa bondia, baada ya kengele ya mwisho, huhifadhiwa mahali pawili: katika mwili wake na katika macho ya waliomtazama. Mwili wake ukiugua, hasa kwa ugonjwa unaogusa akili, macho hayo ndiyo yanayobaki. Hapo shabiki anakuwa mtu aliyewekewa amana, na amana huulizwa.

Sisi wa huku kwenye Bonde la Ufa tumewahi kuona amana ya namna hiyo ikitunzwa. Nakuru ina ukumbi wa ndondi uitwao Madison Square Garden, kwa jina la ule ukumbi mkubwa wa New York, na mji huo ndio ulioipa Kenya bondia Philip Waruinge. Uzani wake ulikuwa wa unyoya, kilo 57. Alishinda dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Kingston mwaka 1966 na tena Edinburgh mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alishindwa kwa pointi katika nusu fainali na Antonio Roldán, kijana wa nchi mwenyeji, aliyekuja kupewa dhahabu baada ya Mmarekani Al Robinson kuondolewa kwenye fainali kwa kosa la kumgonga kwa kichwa. Waruinge alirudi na shaba. Lakini alirudi pia na Kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote wa uzani wote katika michezo hiyo. Kabla yake, mtu pekee aliyewahi kupewa kombe hilo akiwa na medali ya shaba alikuwa Mmarekani Louis Laurie, mwaka 1936. Miaka minne baada ya Mexico, kule Munich, Waruinge alifika fainali na kushindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Baadaye alikwenda Japani kupigana ndondi za kulipwa, na mwaka 1976 akafika Panama kugombea taji la dunia na Rigoberto Riasco.

Hayo ni ya kwenye kumbukumbu rasmi. Mwulize mzee wa Nakuru aliyemwona Waruinge, naye hataanza na medali. Atanyanyuka kwenye kiti, ataweka mguu mmoja mbele, atashusha bega, na kwa magoti yake mabovu atakuonyesha jinsi yule kijana alivyokuwa akizunguka: hatua mbili kushoto, konde, kisha hayupo tena pale ulipomwona. Mzee huyo huenda amesahau mwaka na uzani. Hatua hajaisahau. Nimejifunza kwa wazee wa aina hiyo kwamba kumsifu bondia ni kazi ya mwili mzima, na kwamba sifa isiyoweza kuonyesha jambo lolote haijawa sifa bado.

Ufundi huo wa hapa nchini una matawi mengi. Stephen Muchoki, mwepesi wa kilo 48, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 kule Belgrade, na hata hivyo Olimpiki mbili za enzi zake, Montreal 1976 na Moscow 1980, Kenya haikwenda kwa sababu za siasa. Robert Wangila alikwenda Seoul mwaka 1988 na katika fainali ya uzani wa welta alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Nchi nzima ilijua jina lake usiku mmoja.

Lakini ufundi huu una gharama, na anayeusifu anapaswa kuitaja. Wangila alifariki Julai 1994 kule Las Vegas, kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni. Alikuwa bado kijana. Ubongo wa binadamu umeelea ndani ya fuvu. Konde la kidevu hukizungusha kichwa ghafla, fuvu hugeuka kwanza, ubongo hufuata kwa kuchelewa, na kule kuvutana ndiko kunakoumiza. Kofia ya kichwani hupunguza mipasuko ya ngozi, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliostaafu ambao mwendo wao ulikuwa wa kuyumba, ulimi umekuwa mzito, mawazo yanakwenda polepole. Karibu karne nzima tumelijua jambo hili. Tumelijua na tumeendelea kushangilia, na mimi ni mmoja wa wanaoshangilia.

Juu ya Conjestina nasema kwa uangalifu. Maradhi ya akili humpata mwalimu, mchuuzi, dereva na mchungaji wa kanisa ambaye hajawahi kuvaa glavu maishani mwake. Chanzo chake huwa ni mambo mengi yaliyokutana, na hakuna shabiki anayeweza kusimama nje ya mlango wa daktari akatangaza kwamba ngumi ndizo zilizomfikisha hapo. Wala sitaorodhesha aliyoyafanya akiwa hajiwezi. Yameandikwa ya kutosha, na mengi ya hayo yaliandikwa na watu waliokwenda kwao na kamera bila kubeba hata unga. Mwaka 2022, gavana wa zamani wa Nairobi, Mike Sonko, alimchukua kutoka Siaya akampeleka Mombasa kwenye kituo cha matibabu, na nchi ikafuatilia kila picha. Nilifurahi kwamba amepata huduma. Niliumia kwamba katika maneno yote yaliyosemwa wiki zile, ndondi zake zilipata sentensi moja: aliwahi kuwa bingwa.

Neno hilo, aliwahi, linachosha. Dunia ilimfanyia vivyo hivyo mtu mkubwa kuliko wote katika kazi hii. Muhammad Ali alipofika Nairobi Februari 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuwashawishi Waafrika kususia Olimpiki ya Moscow, bado alikuwa Ali wa maneno mengi. Mwaka uliofuata alipigana pambano lake la mwisho. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana maradhi ya Parkinson, akiwa na umri wa miaka 42, na miaka 12 baadaye alisimama Atlanta akiwa na mwenge wa Olimpiki mkononi, mkono wa pili ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Watu walilia. Nadhani wengi walilia kwa huruma, na huruma si jambo baya. Ila ili kuuona mkono ule sawasawa ilibidi uukumbuke Kinshasa.

Kinshasa, alfajiri ya Oktoba 30, 1974, Ali alitumia raundi nyingi akiwa ameegemea kamba, viwiko vimefunika mbavu, glavu zimefunika uso, akimwacha George Foreman apige mikono na mabega yake hadi nguvu zimwishe. Wasiojua walidhani anauawa. Alikuwa akifanya kazi: akigeuza mwili kidogo kila konde linapokuja ili litue pembeni, akimshika Foreman shingoni ili abebe uzito, akihesabu. Raundi ya nane akatoka kwenye kamba, akamfungulia makonde ya haraka, na la mwisho la mkono wa kulia likamgeuza Foreman. Jitu lile lilipokuwa likianguka, polepole, likizunguka, Ali alikuwa na mkono wa kulia tayari, umekunjwa, na uso wa mwenzake uko wazi mbele yake. Hakuurusha. Alimzunguka akimtazama hadi akafika chini.

Nimelitazama tukio hilo tena na tena, na kila mara ninaona kwamba konde bora la usiku ule ni lile ambalo halikupigwa. Mkono wenye nguvu tu ungelirusha. Mkono uliofundishwa ulijua kwamba kazi imekwisha, na kwamba kumwongezea mtu anayeanguka ni kuharibu kazi nzuri. Huo ndio ufundi ninaousema. Unamfundisha mtu kuumiza kwa kipimo, na kuacha kwa kipimo, katikati ya hofu na kelele na jasho linaloingia machoni, kwa sehemu ya sekunde. Mkono wa Ali ulipokuja kutetemeka, ugonjwa uliuchukua uthabiti wake. Haukuweza kuchukua lile konde aliloliacha hewani, kwa sababu lilikuwa limeshafanyika, au tuseme, limeshaachwa kufanyika, mbele ya mashahidi.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya bondia mgonjwa ni mambo mawili, na moja halilipi deni la lingine. La kwanza ni matunzo: matibabu yasiyosubiri kamera, bima inayoendelea baada ya glavu kutundikwa, vipimo vya kichwa kabla na baada ya mapambano, mapumziko ya lazima kwa aliyeangushwa, na kocha mwenye ujasiri wa kurusha taulo mapema hata umati ukimzomea. Mambo haya hayahitaji uvumbuzi. Yanahitaji fedha na watu wa kuyasimamia, na kila anayelipa kiingilio ana haki ya kuyadai. Sisi mashabiki tumezoea kudai nokauti. Tukizoea kudai na hayo, mapromota watasikia, maana wao husikia haraka palipo na pesa.

La pili ni kumbukumbu iliyo sahihi. Sijui neno zuri zaidi ya sahihi. Shabiki anayemsema Conjestina kwamba alikuwa jasiri amesema kweli, lakini amesema jambo ambalo angeweza kulisema juu ya mtu yeyote aliyewahi kuingia ulingoni. Aseme alivyosimama. Aseme alivyopunguza ulingo. Aseme jinsi ilivyokuwa kumwona mwanamke wa Kenya, wakati ulingo wa Olimpiki bado umefungwa kwa wanawake, akifanya kazi hii kwa utulivu wa fundi seremala na si kwa kujionyesha. Sifa za jumla hugeuka haraka kuwa huruma, kwa kuwa zote mbili hazihitaji kumjua mtu. Sifa iliyo sahihi inamrudishia mgonjwa kitu ambacho dawa haiwezi kumrudishia: nafasi yake katika kazi yake.

Na kazi hiyo imeendelea. London mwaka 2012, mlango ulipofunguliwa, Elizabeth Andiego alipita akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana katika Olimpiki, tena katika uzani wa kati. Oktoba 2016, Fatuma Zarika alikwenda Flint, Michigan, akamshinda Alicia Ashley na kurudi na taji la dunia la WBC. Christine Ongare alileta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast mwaka 2018. Siwezi kusema kila mmoja wao alijifunza nini kwa nani. Ninachojua ni kwamba walipoanza, hawakuwa tena kioja. Msichana aliyesema anataka kuwa bondia alikuwa na jina la kumtajia mama yake, na jina hilo lilikuwa Conjestina. Katika kazi yoyote ile, mtu anayewafanya wanaomfuata waonekane wa kawaida ametimiza jambo kubwa sana.

Asubuhi hapa kwetu huwaona vijana wakikimbia kandokando ya barabara, kofia za kitambaa zimefunika masikio, wengine wakirusha ngumi hewani huku wakikimbia. Wapo wasichana kati yao. Wengi walikuwa wadogo mno, au hawajazaliwa, Conjestina alipokuwa ulingoni, na wakimtafuta kwenye simu watamkuta mgonjwa kabla hawajamkuta bondia. Nikipata nafasi ya kuzungumza nao naanza na bondia. Nawaonyesha mguu wa nyuma. Nawaambia watazame kidevu kilivyofungwa, na jinsi mkono unavyorudi kwa njia uliyoendea. Ya ugonjwa nayo nawaambia, maana hawana budi kuyajua kabla ya kuchagua njia hii, lakini yanakuja baadaye, katika nafasi yake.

Na kwako wewe, dada Conjestina, popote ulipo na hali yoyote uliyoamka nayo leo: pole umepewa nyingi, na zote ulistahili. Mimi nakuletea sifa za kazi. Ulisimama vizuri. Uliingia ndani ya makonde ya watu bila kufumba macho. Mikono yako miwili ilijua zamu zake, na uliubeba mkanda ambao hakuna aliyekufungulia njia ya kuufikia. Haya tuliyaona, tunayakumbuka kwa mpangilio wake, na tunaweza kuyaonyesha kwa yeyote atakayeuliza. Kazi ile uliimaliza, na ugonjwa uliokuja baadaye hauna mlango wa kurudi nyuma kuiharibu.